Re: Geji inaonyesha full na tangi ni tupu

Ndugu wa Ggaba, usinunue geji ingine ya mafuta ya boti kwanza. Ukisema inasoma full tangi likiwa tupu na inashuka ukiongeza petroli, hiyo ni senza (kile kifaa chenye boya ndani ya tangi kinachoambia geji mafuta yako wapi) na geji za aina mbili, senza ya Kimarekani inatoa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, ya Ulaya inaanza 10 inapanda hadi 180, sasa ukichanganya lazima zisome kinyume. Chomoa waya wa senza, weka multimita (kipima umeme) isome omu, inua boya kwa mkono polepole uone namba, zikiruka ruka senza imechoka. Angalia waya wa asi (wa ardhi) pia, kutu hapo inadanganya sana.

Kukalibreti, yaani kulinganisha geji na mafuta halisi, fanyia majini, boti imelala vile inalalaga na mzigo, sio juu ya mchanga. Anza na tangi tupu, mimina lita 10 kwa 10, kila mara subiri mafuta yatulie halafu andika sindano iko wapi. Tangi lenye sehemu ya chini nyembamba, nusu ya geji sio nusu ya mafuta kabisaa, na kama unavukaga ziwa kwenda visiwa vya Kalangala tafadhali usiamini robo ya mwisho, beba jerikeni. Injini izimwe, na sigara mbali