Ukirudi Newala, uliza kwanza nani anashika nini

Kama uliondoka kusini zamani na sasa unafunga mizigo kurudi, njia isikutie hofu. Wengi wetu tuliondoka enzi za kusubiri kivuko Rufiji. Leo unapita Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003, na lami inakufikisha Mtwara. Mjini utakuta malori ya saruji na habari za gesi ya Mnazi Bay. Hayo utayazoea upesi. Kazi iko nyumbani, Newala.

Mimi nilikuta mama ameolewa tena. Kwenye simu niliambiwa, nikasema heri. Lakini kuziona kandambili za mwanamume mwingine mlangoni, na koti lake kwenye msumari aliokuwa akitundika kofia marehemu baba, ni habari nyingine. Mzee akanyanyuka kunipokea begi. Mama ananitazama usoni. Nikasema, "Shikamoo, baba." Nawe fanya hivyo siku ileile ya kwanza, hata kama moyo bado unasita. Utakapopanda basi kuondoka, mama yako atabaki na mwenzake.

Kisha lipo shamba. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na neno la mjomba lilikuwa ndilo neno. Mjomba sasa kazeeka. Anayetafuta salfa, dawa ya mikorosho, anayesimamia palizi, anayepeleka korosho chama cha msingi cha ushirika na kufuatilia bei ya mnada ni mdogo wangu wa kike, yule niliyemwacha akicheza rede. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuweka korosho ghalani kwanza na kulipwa baada ya mnada, ulianza 2007. Sisi tuliozoea kuuza gunia na kupokea hela papo hapo hatuna la kumfundisha. Ukitaka kusaidia, mpe hela yeye, tena katikati ya mwaka mikorosho inapotaka dawa. Oktoba mavuno yakianza, kila mtu ni ndugu mwema.

Ila mjomba usimruke. Nenda ukakae naye barazani, mwache aongee mpaka achoke, hata kama uamuzi ulishapita jikoni. (Anajua, msidhani hajui.)

Chumba chako wanalala wapwa zako. Usiwahamishe, jamvi la sebuleni linatosha. Na habari ya kiwanja cha kujenga isubiri msimu mmoja upite, halafu iseme mbele ya mjomba, mdogo wako akiwepo.