Maswali ya Wasomaji: Je, Dar es Salaam inatembeka kwa miguu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea. Shule zitakapofungwa mwezi wa Desemba nitakwenda Dar es Salaam na mwanangu wa miaka 13, ambaye hajawahi kuiona bahari. Tutafikia kwa dada yangu Kimara, na siku ya kwanza tungependa kuuona mji kwa miguu. Jamaa zangu wananiambia kwamba Dar es Salaam ni joto na foleni tu, na kwamba ni afadhali nikodi bajaji. Je, wasemayo ni kweli, na kama si kweli, tuanzie wapi?
Mwalimu, Songea

JIBU: Mwalimu, jamaa zako wamesema nusu ya ukweli. Dar es Salaam nzima haitembeki kwa miguu, lakini sehemu ya kale ya mji, kuanzia Feri hadi Posta na Bustani ya Mimea, inatembeka vizuri, na bajaji itawapitisha haraka mno mahali panapostahili kusimama. Joto la Desemba ni kali kweli. Kwa hiyo tokeni Kimara mapema, mpande mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, hadi kituo cha mwisho cha Kivukoni, na ikiwezekana mfike pale kabla ya saa 1:00 asubuhi.

Anzeni na soko la samaki la Feri. Mtoto ambaye hajaiona bahari aione kwanza ikiwa kazini: mashua zikishusha samaki, mnada ukinadiwa kwa sauti, na pantoni la Kigamboni likivuka limejaa watu. Kisha fuateni Barabara ya Kivukoni, bandari ikiwa mkono wenu wa kushoto. Mtapita Kanisa la Kilutheri la Azania Front, na mbele yake Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, hadi mfike Boma la Kale. Mwendo wote huo haufiki kilomita mbili.

Boma la Kale lilijengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye aliuanzisha mji huu karibu na kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na mji ukazorota, mpaka Wajerumani walipohamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwonyeshe mwanao jengo hili pamoja na makanisa mliyoyapita, kisha umwambie akupe tofauti anazoziona mwenyewe.

Kutoka hapo rudini kwa Barabara ya Samora hadi Sanamu ya Askari, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Sanamu hii ya shaba ilisimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na mahali hapo hapo awali palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wa Kijerumani. Mwanao amekulia Songea, na bila shaka anaijua Makumbusho ya Majimaji na habari za mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mwulize kuna tofauti gani kati ya ukumbusho wa watu waliompinga mtawala na ukumbusho ambao mtawala aliwawekea watu waliokufa katika vita vyake. Askari yule hana jina. Ninyi mmetoka mahali ambapo mashujaa wanatajwa kwa majina. Kwa maoni yangu, hakuna kituo kingine katika matembezi haya kitakachompa kijana wa umri huo mambo mengi zaidi ya kufikiri.

Jua likipanda, kateni kiu kwa madafu, kisha mwingie Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Huko kuna habari za Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambaye fuvu lake liligunduliwa Olduvai mwaka 1959, pamoja na magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere. Bustani ya Mimea iko jirani, na kivuli chake kinafaa kwa chakula cha mchana.

Ikulu pia iko karibu. Msipige picha upande ule. Kariakoo iacheni kwa siku nyingine, kwa sababu inahitaji miguu ambayo haijachoka. Jioni msipandie mwendokasi Posta. Rudini hadi Kivukoni kabla ya saa 10:00, ambako basi huanzia safari. Vinginevyo huenda mkasimama hadi Kimara.