Mzazi asiye na mtoto naye hukandwa

Siku ya tatu baada ya kurudi kutoka hospitali, maziwa yalikuja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatakuja. Mwanangu alizaliwa mfu, mimba ikiwa ya miezi sita, na wanaume walikuwa wameshamzika kabla mimi sijaruhusiwa kutoka wodini. Nikakaa kitandani nyumbani kwetu Ngamiani, kanga imelowa kifuani, nikiwasikia ukumbini waliokuja kunipa pole wakisemezana kwa sauti ya chini: "Bado msichana, Mungu atampa mwingine."

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke aliye kwenye kitanda kama kile, na zaidi kwa ajili ya rafiki yake, ambaye huenda sasa hivi anajiuliza aende au amwache apumzike. Nenda.

Shoga yangu alikuja kwa baiskeli, kama wengi wetu hapa Tanga, sufuria kaifunga nyuma kwa mpira. Ni fundi cherehani, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Hakuniuliza ninajisikiaje. Alisema tu, "Bibi kanituma. Kasema mzazi ni mzazi, lazima akandwe."

Nililia palepale mlangoni. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Anakandwa kwa maji ya moto, anasingwa mafuta, anafungwa mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo, anapikiwa uji wa pilipili manga, hashiki ufagio wala jembe. Ukirudi mikono mitupu, yote hayo yanafutwa kimyakimya, na wiki ya pili watu wanashangaa mbona hujarudi dukani. Mwili wangu ulikuwa umebeba na kuzaa, lakini hakuna aliyeuhesabu kuwa umezaa. Hata mimi nilikuwa nimeukasirikia. Nilikuwa naoga bila kujitazama.

Kila siku jioni, akishafunga cherehani, alikuja. Tumbo hakuligusa, maana bibi yake alikataza kabisa kumkandamiza tumbo mtu ambaye bado anatoka damu, na muuguzi niliyemuuliza kliniki alisema hivyohivyo. Alinikanda mgongo, nyonga na miguu. Maji aliyapima kwa kiwiko kwanza, akalichovya taulo, akalikamua, akalilaza mgongoni na kulishika hapo mpaka joto liishe. Halafu mafuta ya nazi yenye karafuu kidogo. Kwa maziwa alinishonea sidiria ya kunishika vizuri, akaniwekea kitambaa cha maji baridi, akanionya nisiyakamue yote, nipunguze kidogo tu yakiniuma. Baada ya siku kadhaa yalikauka. Ule usiku yalipokauka nilihisi kama nimemzika kwa mara ya pili, na yeye ndiye mtu pekee niliyeweza kumwambia hivyo.

Siamini kwamba karafuu zina dawa ya huzuni. Ninachojua ni kwamba kwa nusu saa kila jioni kulikuwa na mikono ya mtu anayenipenda juu ya mgongo wangu, na haikutaka jibu lolote kutoka kwangu. Usingizi ulirudi hapo, taratibu.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wa Kiislamu watalielewa. Kwenye nifasi, ile damu ya baada ya kuzaa, mwanamke hasali, na kukosa sala katika wakati ule kuliniacha bila pa kushika. Bibi akanikumbusha kwamba uradi, kumtaja Mungu kwa kurudiarudia, haujazuiwa. Nikawa navuta tasbihi usiku, pumzi moja kwa kila punje, bila haraka. Kifua kilichokuwa kinanibana kilianza kulegea kabla hata sijafika thelathini na tatu.

Baada ya wiki mbili hivi shoga yangu alikuja na furushi la miyaa, majani makavu ya kusukia. Bibi yake ni msukaji wa mikeka, akatufundisha kusuka ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Ukisuka, macho yanabaki kwenye vidole, na hapo ndipo maneno yalipotoka. Kitandani, mtu akinitazama usoni, sikuweza kutamka kitu. Tukiwa tumekaa ubavu kwa ubavu barazani, ukili unarefuka magotini, nilimweleza yote: namna alivyokuwa mdogo, vidole vyake, jinsi nilivyoogopa kumshika na ninavyojuta. Alisuka, akasikiliza. Mara moja tu alisimama akaenda jikoni, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Miaka baadaye nilisoma habari za Zimbabwe, nikakuta jambo linalofanana na baraza letu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na bibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi hao walifundishwa kusikiliza, wakawekewa mabenchi nje ya zahanati, na wenye shida wakawa wanakwenda kukaa nao. Shida yenyewe wanaiita kwa Kishona *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Hatua ya kwanza ya mazungumzo ni *kuvhura pfungwa*, kufungua fikra. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sikushangaa.

Lakini sitaki mtu asome haya akaacha hospitali. Homa, damu inayozidi badala ya kupungua, uchafu wenye harufu mbaya: hayo ni ya kukimbilia kwa daktari siku hiyohiyo, na taulo la moto lisubiri. Na kama wiki zinapita huli, hulali, au yanakujia mawazo ya kutaka kufa, mwambie mtu leo akupeleke. Rafiki mwema ndiye atakayekushika mkono mpaka kwenye benchi la kusubiria.

Na jihadhari na wauza tiba. Mimi nililetewa mtaalamu mmoja aliyesema mtoto kachukuliwa na jini, kafara inahitajika, na kiasi chake akakitaja kabla hajakaa vizuri. Mume wangu, ambaye naye alikuwa na majonzi yasiyoulizwa na mtu, karibu atoe pesa. Yeyote anayekuongezea hofu juu ya msiba, mfungulie mlango atoke.

Kwako wewe rafiki: usimwambie "ukihitaji chochote niambie." Hatasema, maana hajui anahitaji nini. Njoo na kazi mkononi. Fua, pika uji, mchukue mtoto wake mkubwa ukamwogeshe. Uliza kama mtoto alipewa jina, na kama lipo, litamke. Usimharakishie mimba nyingine. Usiogope akilia kwa sababu yako, alikuwa analia hata kabla hujafika. Na kama huwezi kila siku, chagua siku moja ya wiki ambayo hutaikosa, kwa sababu wengi huja wiki ya kwanza, na kimya kinachofuata ndicho kizito.

Kwako wewe uliye kitandani: mchague mmoja, hata kama wapo kumi. Mwambie wazi unachotaka akufanyie, nywele, miguu, au akae tu. Mimi sikuwa na ujasiri huo, bibi wa watu ndiye aliyeniombea.

Ukili ule tuliushona ukawa msala. Naswalia mpaka leo, upande mmoja umepinda kwa sababu ndiko nilikoanzia kujifunza. Sasa ni mwaka wa nne. Kila ikifika tarehe yake, asubuhi kabla sijaamka vizuri, simu inaingia ujumbe wa shoga yangu. Mwaka huu aliandika: "Leo angekuwa na miaka minne. Nakuja jioni na sufuria."