Utando wa nata unatoka mwembamba, nakosea wapi?

Swali: Mambo vipi, natengeneza nata de coco (ile jeli ya kutafuna) kwa maji ya nazi, sukari na siki, lakini utando unatoka mwembamba kama karatasi, tena matabaka yameachana. Nimeongeza sukari weee, wapi!

Jibu: Sukari achana nayo kwanza. Huo utando unafumwa na bakteria, nao wanafuma selulosi (nyuzinyuzi ndio utando wenyewe) pale juu tu maji yanapokutana na hewa, kwa hiyo ukijaza ndoo ndefu huko chini ni hasara tupu, tumia trei pana, maji yawe na kina cha sentimita chache, funika na kitambaa safi sio mfuniko wa kubana. Sukari ikizidi wanaigeuza asidi, pH (kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umepanda) inaporomoka nao wanagoma, anza na pH 4.5 hivi na joto nyuzi 28 mpaka 30. Halafu hayo matabaka, nahisi unachungulia chungulia, si ndio? Ukiinamisha trei utando unazama, wanaanza kufuma mwingine juu yake. Iache siku 8 hadi 14 bila kuigusa. Ukiona ukungu wenye manyoya mwaga yote, usikwangue. Ukivuna chemsha, badilisha maji mpaka uchachu uishe.