Kuzaa wakati wa korona ilikuwaje? Jibu la nesi wa ng'ambo ya feri (ndefu, nisameheni)

Ndugu mwenye uzi kauliza hivi: mkewe ana mimba ya miezi saba, na mama mkwe kila siku anamwambia mshukuru Mungu hamkuzaa 2020. Sasa anataka kujua kwa wale tuliokuwa leba mwaka ule, kiliharibika nini hasa, na ikija korona nyengine yeye kama baba ajipange vipi. Naona wengi mmemjibu mambo ya chanjo na barakoa, sawa, lakini mie nilikuwa ndani. Nesi mkunga, kituo cha afya upande wa kusini wa Mombasa, ukishuka feri ya Likoni unaendelea mbele. Jina la kituo halina haja.

Kitu cha kwanza watu hawaniamini nikiwaambia. Kirusi chenyewe sicho kilichotutoa jasho sana leba. Wagonjwa walikuwepo, na mjamzito akishikwa na korona kali anaumia zaidi ya mwanamke wa umri wake asiye na mimba, hilo sibishi. Lakini wengi waliotutoa machozi walikuwa wazima, hawana hata kikohozi, wamechelewa tu. Wamechelewa kutoka nyumbani, wamechelewa njiani, na wakifika wanatukuta sie tuko wawili, maji hamna bombani.

Mnakumbuka kafyu, ile amri ya kutotoka nje usiku, ilivyoanza? Tarehe 27 Machi 2020, saa 1 jioni mpaka saa 11 alfajiri. Jioni ile ile ya kwanza watu wamejazana Likoni wanangoja kuvuka warudi makwao, wakarushiwa mabomu ya machozi. Picha zilizunguka kwenye simu za kila mtu. Sasa serikali ilisema wazi kwamba mgonjwa na mama mwenye uchungu anaruhusiwa kupita usiku, lakini mwenye tuktuk aliyeona zile video hakusikia hiyo sehemu ya "anaruhusiwa", alisikia rungu. Ukimpigia saa 4 usiku simu haishikwi, na wala simlaumu.

Nitawapa kisa kimoja tu, manake nikianza kuhesabu hatulali.

Ilikuwa Ramadhani, mwezi wa tano, ile ya misikiti kufungwa. Mama mmoja mimba ya nne, uchungu ukamshika baada ya futari. Mimba ya nne hiyo, anaujua mwili wake, anajua hana masaa mengi. Mumewe ndiye mwenye tuktuk, na mwezi wa nne alishakula fimbo za mgongo barabarani akiwa amepeleka jirani hospitali. Kwa hivyo wakakaa, wakaangalia saa. Mama mkwe akasema ngojeni adhana ya alfajiri, kafyu itakuwa imeisha. Wakangoja. Saa 11 na dakika kama kumi hivi nasikia tuktuk inapiga honi getini bila kuachia. Natoka na taa ya simu, nakuta mtoto ameshazaliwa, yuko kwenye leso juu ya tumbo la mamake, analia vizuri kabisa, mungu mkubwa. Chini ya kiti ndo kulikuwa na mambo. Raba ya sakafu ya tuktuk imeshika damu kama sinia, mpaka imeanza kumwagika kwa ile ngazi. Kondo la nyuma bado halijatoka. Mama ananiangalia ananiambia "sista nasikia baridi". Kwa mkunga neno hilo ni baya kuliko kelele.

Tukambeba na leso yake hiyo hiyo mie na mumewe. Sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, pajani, uniti 10, mpira wa mkojo, dripu mbili mikono yote miwili, mwenzangu anakanda tumbo mie navuta kondo taratibu. Lilitoka, lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umechoka, unashika unaachia. Rufaa. Ambulensi ikaja kwa kweli haraka siku hiyo, tukavuka feri mie nimeushika mfuko wa uzazi kwa mkono juu ya tumbo, sikuachia mpaka ng'ambo ya kisiwani. Dakika kumi za feri niliziona kama safari ya Lamu.

Kufika hospitali kubwa, damu hamna ya kundi lake. Hapa ndo wengi hawajui: Kenya benki za damu zimetegemea sana wanafunzi wa sekondari kuchangia, na shule zilifungwa katikati ya Machi. Ukifunga shule unafunga na chupa za damu, na hakuna aliyewaza hilo wakati wa kutangaza. Wakaitwa shemeji zake wawili, wakavuka kuja kutoa. Alipona. Lakini jamani mimba ya nne, uchungu wa kawaida, kituo kiko dakika kumi na tano kutoka kwake kwa tuktuk. Akija saa 3 usiku nampa sindano mtoto akitoka tu, kondo linateremka, saa 12 asubuhi anakunywa uji.

Baada ya pale in-charge wetu, msimamizi wa kituo, mama mmoja mkali lakini ana akili, akaanzisha barua. Kila mama akifika wiki 36 anapewa karatasi yenye muhuri wa kituo, "mwenye barua hii anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote, tafadhali mruhusu apite pamoja na dereva". Tunaipachika kwa pini ndani ya kitabu cha kliniki. Maneno "pamoja na dereva" yaliongezwa baadaye, mwanzoni tulimsahau dereva, mama anapita tuktuk inazuiwa! Askari wengine waliiheshimu, wengine waliisoma juu chini. Lakini ilimtoa mume nyumbani, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake hasa. Nairobi Dkt. Jemimah Kariuki na wenzake walianzisha mpango wa kuwabeba wajawazito usiku bila malipo, Wheels for Life, mpaka Shirika la Afya Duniani likamtunuku tuzo 2021. Sie huku tulikuwa na karatasi na muhuri na namba za tuktuk tatu.

Kliniki nayo ilikufa karibu miezi mitatu. Ukifungua kitabu unakuta presha imepimwa Februari, imepimwa Machi, halafu safu tupu mpaka Julai. Akina mama walidhani hospitali ndo kwenye korona, na sie tuliwasaidia kudhani hivyo, manake tuliwaambia msije kama si lazima. Kosa letu hilo. Mwenye presha ya kuleta kifafa cha mimba hajui kwamba kwake ni lazima, presha haiumi. Tukaja kuanzisha kupiga simu, wiki hii nani na nani, lakini simu nyingi ni ya bwana, na bwana yuko kazini. Walioziba pengo ni wahudumu wa afya wa kujitolea wa mitaani, wanaenda mlango kwa mlango wanauliza kichwa kinauma? unaona nyota nyota? miguu imevimba? Hela yao mnajua wenyewe ilivyokuwa inakuja.

Haya barakoa. Aprili tulipewa moja kwa zamu, na ile plastiki ya uso tunaosha tunavaa tena. Joto la Mombasa, feni mbovu, plastiki inapata ukungu wa pumzi yako unabaki unaona kichwa cha mtoto kama uko chini ya maji. Lakini kilichonishinda ni sauti. Kuna msichana wa mimba ya kwanza kichwa kinatoka namwambia "usisukume, usisukume, pumua", na kwa barakoa na plastiki alichosikia ni "sukuma". Alisukuma kwa nguvu zake zote maskini, akiamini ananitii. Alichanika vibaya, nimemshona karibu saa nzima naomba msamaha. Tangu siku hiyo nikifika tu tunakubaliana kabla, ngumi ni simama, kiganja ni sukuma. Na jina langu nikawa naliandika kwa kalamu kubwa kwenye plasta nabandika kifuani, kwa sababu mwengine aliniuliza katikati ya uchungu "wewe ndo yule yule wa jana au mwengine?" Macho yote ya barakoa yanafanana usiku.

Lililonikera zaidi ni amri ya hakuna kuingia na mtu. Ilikuja karatasi tukaibandika getini, nami niliwafukuza akina mama waliowasindikiza binti zao kwa mdomo wangu huu huu, sijifichi. Ati kupunguza msongamano. Sasa niulize, wauguzi wawili, vitanda sita, nani anamtazama mama wa kitanda cha sita? Mamake! Yeye ndo anamkanda kiuno, anampa chai, na damu ikizidi ndo anapiga kelele "sista njoo". Tulitoa macho kumi na mawili ya bure tukabaki na manne yaliyochoka. Wiki ya tatu tukaanza kuwapitisha mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kavaa barakoa kanawa mikono, na muongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa unaruhusu mama kuwa na mwenzake wakati wote. Mikono ya kunawa kwa maji ya mtungi lakini, ya mkokoteni, ambayo wiki zengine tulichangishana wenyewe.

Na kuna mtoto mmoja bado nampa hesabu. Mamake alikuja na homa na kikohozi, tukampima malaria, anayo, lakini korona nayo ukaichukulia sampuli inakwenda Kilifi majibu ungoje. Tukamtenga, na mtoto tukamweka chumba kingine, maziwa yakikamuliwa anapewa kwa kikombe. Siku ya pili maziwa yamemvimba kifuani kama mawe, akaniambia pale mlangoni "sista, huyu mtoto mmenikopesha au?" Siku ya nne majibu, hana. Na kumbe hata angekuwa nayo angevaa barakoa, akanawa, akanyonyesha, ndivyo muongozo ulivyosema tangu mwanzo. Sie tulifuata woga wetu.

Nyie wa mgomo wa manesi wa Desemba 2020, naona mshaanza kututukana kwenye majibu huko juu. Niligoma, ndio. Manesi tulitoka tarehe 7 mpaka mwaka uliofuata mwezi wa pili ukaingia. Wenzetu walikuwa wanakufa, bima hamna ya maana, bodaboda akiona yunifomu anaongeza mwendo akuache. Najua pia kuna akina mama walikuta geti limefungwa. Yote mawili ni kweli na sina namna ya kuyapatanisha hapa.

Na haya si mageni. Sierra Leone wakati wa Ebola 2014 na 2015 wanawake waliogopa hospitali, na wataalamu walipokadiria baadaye, vifo vya ziada vya uzazi, vya vichanga na vya watoto waliozaliwa wameshafariki kwa kukosa huduma vilikaribia idadi ya waliouawa na Ebola yenyewe. Ilikuwa imeandikwa, 2020 tukairudia.

Kwa hivyo ndugu yangu, mkeo wiki 34 zikifika, korona isiwepo, kafyu isiwepo, fanya haya. Tafuta ndugu wawili wenye damu inayomfaa waambie mapema, wasishtuliwe usiku. Ulizia kituo kama wanaruhusu mtu kuingia leba, wakikataa ulizia kwengine ungali na muda. Mpime presha kila kliniki hata akisema yuko sawa. Ongea na dereva uso kwa uso, si kwa simu, mwoneshe nyumba, muulize saa 8 usiku utakuja? Akisitasita tafuta wa pili. Na namba yake iandike kwa kalamu kwenye jalada la kitabu cha kliniki, usiiweke kwenye simu peke yake, yule bwana wa tuktuk mwenyewe aliniambia usiku ule alitaka kutupigia aulize, simu haikuwa na chaji na umeme ulikuwa umepotea mtaa mzima.