Afisa Ustawi Mpya Moshi, Usikubali Kupewa Kazi Isiyo Yako

Vijana wanaopangiwa ustawi wa jamii huku Moshi hunipigia wakiwa na malalamiko yaleyale: watu hawaijui kazi yetu. Ni kweli, na usipoieleza wewe mapema, watakupangia ya kwao. Ukipanda Kibosho au Uru na gari la halmashauri, bibi wa kwanza atakuuliza pesa za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinatoka lini. Hilo ni dogo, mwelekeze kwa mtendaji uendelee na safari.

Kubwa ni kufanywa hakimu. Mama akichoshwa na mwanamume asiyeleta matumizi, kitisho ni kimoja: "Nakupeleka ustawi!" Baba anaingia ofisini kanuna, anaamini kesi imeshakwisha. Mimi huanza na yeye. Namwambia siwezi kumlazimisha kutoa hata shilingi. Amri ya matunzo hutolewa na mahakama, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kazi yangu ni kuwasikiliza wote wawili na kuandika watakachokubaliana, wakishindwa niwaelekeze Mahakama ya Watoto. Mama naye aelezwe hivyohivyo, maana amekuja akidhani una pingu kwenye droo.

Baada ya hapo mazungumzo yabaki kwa mtoto: sare, daftari, matibabu, nani anamfuata shuleni. Wakihamia kwenye ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, warudishe kwa upole. Kiasi kiandikwe pamoja na tarehe ya kulipa, na pesa ipite kwenye simu ili ujumbe wa muamala ubaki. "Nitatuma nikipata" si makubaliano, hata kama limesemwa mbele ya shemeji watatu.

Shauri likifika mahakamani, utaombwa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Hapa ndipo utakapojulikana wewe ni nani. Nenda nyumbani, ongea na mwalimu, jirani na balozi wa nyumba kumi, kisha na mtoto mwenyewe wazazi wakiwa mbali. Ulichokiona kiandike kando na ulichoambiwa. Nimesoma taarifa za wenzetu zinazosema "mazingira si rafiki", basi, imeishia hapo. Si rafiki kivipi? Mtoto analala wapi, na nani, jioni anakula nini? Hakimu hajafika kule. Anaona kwa macho yako.

Halafu kuna WhatsApp, adha ambayo waliotutangulia hawakuijua. Mtoto akionekana anazurura stendi, picha yake inafika kwenye kundi la kata kabla hujapata taarifa, na jina la shule juu yake. Waombe waifute, nawe usiisambaze hata kwa nia njema. Waachie namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure kupiga.

Kuhusu mfuko wako, msimamo wangu hauwapendezi wote: natoa kanisani, ofisini sitoi. Ukitoa leo, kesho foleni ni yako, na aliyekuja kwa shida ya kupigwa atasema kaja kwa shida ya unga. Wenzangu hunijibu kwamba njaa haisubiri barua, na hapo wana hoja. Kwa hiyo ukiripoti kituo chako cha kazi, wiki ileile tafuta namba za paroko, imamu, mwenyekiti wa soko na mwalimu mkuu ambaye shule yake inapika uji. Ukimpigia mmoja wao na mtoto akala, andika kwenye faili: nani alitoa, lini, na utafuatilia siku gani.