Kwa wanaoanza kusoma kadi za stirioskopu za makanisa ya kale

Ukiletewa kadi yenye kanisa la parokia la kijiji cha Uingereza, la miaka ya 1850, usianze na kanisa. Anza na tofauti. Zile picha mbili zilizobandikwa ubavu kwa ubavu, moja ya jicho la kushoto na nyingine ya jicho la kulia, ili kifaa kiitwacho stirioskopu kizionyeshe kama picha moja yenye kina, hazifanani kama unavyodhani.

Tazama vivuli, na mishale ya saa ya mnarani kama ipo. Wapigapicha wengi wa wakati ule walikuwa na kamera ya lenzi moja: wanapiga ya kwanza, wanaisogeza kamera pembeni, wanapiga ya pili. Kwa hiyo mtu aliyeegemea lango huenda akawemo upande mmoja, upande wa pili hayupo. Wageni wa kazi hii huiita kasoro. Mimi huifurahia, maana inanionyesha jinsi picha ilivyopigwa. John Benjamin Dancer wa Manchester alibuni kamera ya lenzi mbili mwaka 1853, ila si kila mtu alikuwa nayo.

Kamera hiyo nayo ina mtego wake. Picha zikichapwa kutoka negativu moja ya kioo, ya kushoto hutokea kulia na ya kulia kushoto. Mbandikaji hana budi kuzikata na kuzibadilisha nafasi. Akisahau, utaona mnara unakujia usoni huku kaburi la mbele likizama nyuma. Usithubutu kubandua chochote! Iskani kadi kama ilivyo, badilisha nafasi kwenye kompyuta, kisha andika ulichofanya.

Kadi isiyo na jina la mahali usiiweke kando. T. R. Williams, mpigapicha Mwingereza wa wakati ule, alitoa kadi 59 za kijiji kimoja, zenye mashairi mgongoni, bila kukitaja kijiji chenyewe. Mwaka 2003 Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen na mkusanyaji wa kadi hizi, aliweka picha ya kanisa la kijiji hicho kwenye intaneti na kuuliza ni la wapi. Jibu likaja: Hinton Waldrist, Oxfordshire. Kanisa ndilo lililotambulika.

Unapolinganisha kadi na kanisa lilivyo leo, anza na umbo la mnara na mahali uliposimama. Madirisha yaache mwisho. Katika karne ya 19 makanisa mengi ya Uingereza yalikarabatiwa kwa mkono mzito, na dirisha unaloliona leo huenda halikuwepo siku kamera ilipotegwa makaburini.